Daktari aliyekaa udiwani miaka 43: Virchow na mitaro ya Berlin

*Swali:* Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa tabibu katika kituo cha afya cha kata, huu ni mwaka wa kumi na moja kazini. Wazee wa hapa wamenijia mara mbili wakinitaka nigombee udiwani. Mume wangu anasema nitakuwa nimebadilisha koti jeupe na posho za vikao. Katika semina moja mtoa mada alitutajia daktari Mjerumani, Virchow, kwamba ndiye aliyesema siasa ni tiba kwa ukubwa wake, na kwamba mwenyewe alikuwa diwani. Je, kweli alikuwa diwani, au alikuwa mbunge na watu wanachanganya? Aliacha udaktari? Na ile hadithi ya soseji na Bismarck ina ukweli?

*Jibu:* Marahaba, daktari. Mtoa mada wenu hakukosea. Rudolf Virchow aliingia baraza la jiji la Berlin mwaka 1859 na hakutoka humo hadi alipofariki mwaka 1902. Ni miaka arobaini na mitatu ya udiwani. Ubunge nao alikuwa nao: wa Prusia, dola kubwa la Kijerumani la wakati huo, tangu 1862 hadi kufa kwake, na wa Bunge la Dola la Ujerumani kuanzia 1880 hadi 1893. Kwa hiyo kuna kipindi alishika viti vitatu kwa pamoja, na katika muda wote huo alikuwa mkuu wa Taasisi ya Patholojia, yaani uchunguzi wa magonjwa ndani ya mwili, pale hospitali ya Charité. Udaktari hakuuacha hata siku moja.

Ila nikutahadharishe mapema usije ukajilinganisha naye kwa kila jambo. Virchow hakuwa tabibu wa zamu kama wewe. Alikuwa mtu wa mochwari na darubini. Wagonjwa wake wengi walikuwa wamekwisha kufa kabla hajawaona, na maiti hakai foleni akilalamika kwamba daktari yuko kwenye kikao. Hilo lina uzito kwako kuliko maneno yote matamu utakayosikia juu yake.

Sasa ile kauli. Mlipewa nusu tu. Kauli nzima inasema hivi: tiba ni sayansi ya jamii, na siasa si kitu kingine ila tiba kwa ukubwa wake. Aliiandika mwaka 1848, akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, katika gazeti la kila wiki aliloliendesha na mwenzake Rudolf Leubuscher. Hesabu mwenyewe: ni miaka kumi na mmoja kabla hajakalia kiti cha diwani. Ni kauli ya kijana aliyeona balaa na ambaye bado hajakutana na kamati ya fedha. Mimi naona maisha yake yanavutia pale kauli hiyo ilipokutana na halmashauri, ila huwezi kuelewa udiwani wake bila kwanza kwenda naye Silesia.

Alizaliwa Oktoba 1821 Schivelbein, mji mdogo wa Pomerania ambao leo uko Poland na unaitwa Świdwin. Baba yake alikuwa mkulima mwenye kipato kidogo ambaye pia alikuwa mweka hazina wa mji, kwa hiyo mambo ya ushuru na bajeti ya mji mtoto aliyasikia nyumbani. Fedha za kumsomesha udaktari hazikuwepo. Mwaka 1839 akapata nafasi katika chuo cha madaktari wa jeshi mjini Berlin, ambako vijana wenye akili na wasio na fedha walisomeshwa bure wakalipa kwa utumishi. Mwaka 1843 akahitimu, akaingia Charité kupasua maiti, na kabla ya kutimiza miaka ishirini na sita alikuwa ameeleza ugonjwa ambao mwenyewe aliuita leukemia, amechambua jinsi damu inavyoganda ndani ya mishipa na kipande kusafiri hadi mapafuni, na ameanzisha jarida la kisayansi ambalo hadi leo linatoka kwa jina lake.

Majira ya baridi ya 1847 kuingia 1848, habari mbaya zikaja kutoka Silesia ya Juu, pembe ya kusini-mashariki ya Prusia. Viazi, chakula chao kikuu, vilikuwa vimeharibika mfululizo. Watu walikufa kwa njaa, na nyuma ya njaa ikafuata taifasi. (Taifasi, daktari, si taifodi, wewe unajua, ila wasomaji wengine huchanganya. Taifasi huenezwa na chawa. Lakini chawa alikuja kukamatwa na hatia mwaka 1909, na Charles Nicolle huko Tunis. Mwaka 1848 hakuna aliyejua.) Serikali ilinyamaza hadi magazeti yalipopiga kelele, ndipo ikatuma wataalamu. Virchow akafika Februari 1848, akakaa karibu wiki tatu katika wilaya za Rybnik na Pless, akienda nyumba kwa nyumba.

Alichokiona ni vibanda vya chumba kimoja ambamo familia na mifugo walilala pamoja. Walimu, mahakimu na madaktari walizungumza Kijerumani. Wananchi walizungumza Kipoland. Mgonjwa hakuweza kumweleza daktari anaumwa wapi. Mashamba makubwa yalikuwa ya watu walioishi mbali, mapato yakiwafuata hukohuko. Na nisikufiche, Virchow mwenyewe hakuwa na maneno mazuri juu ya watu hao: aliwaita wachafu, wavivu, wanyenyekevu kama mbwa. Ukisoma kurasa hizo unakunja uso. Kisha ukurasa unaofuata anageuka na kusema hali hiyo wameitengeneza wao waliowatawala kwa karne nyingi.

Serikali ilitarajia ripoti ya daktari: homa ilianzaje, madoa ya ngozi yakoje, karantini iwekwe wapi. Hayo aliyaandika. Halafu akaandika tiba. Demokrasia kamili isiyo na mipaka. Shule, na zifundishe kwa lugha ya wananchi wenyewe. Kodi iondolewe mabegani mwa maskini iwekwe kwa wenye nacho. Barabara zijengwe, kilimo kiboreshwe, kanisa litengwe na dola. Kwa kifupi, alisema, ni elimu pamoja na binti zake wawili, uhuru na neema. Hebu fikiria wewe umetumwa na wizara kuchunguza mlipuko wa kipindupindu kwenye kata, halafu ripoti yako imalizie kwa kudai katiba mpya.

Aliporudi Berlin mapinduzi dhidi ya utawala wa mfalme yalikuwa yameiva. Usiku wa Machi 18 alikuwa kwenye vizuizi vya barabarani pamoja na waasi, akiwa na bastola ambayo, kama alivyomwandikia baba yake, haikuweza kupiga mbali. Wakati huohuo akaandika kwamba madaktari ndio mawakili wa asili wa maskini. Wananchi wa wilaya moja wakamchagua kwenda bungeni, lakini sheria ilitaka mtu awe na miaka thelathini, akakosa kiti. Mapinduzi yalipozimwa hesabu ikaja: mwaka 1849 alisimamishwa kazi, akarudishwa kwa masharti na kunyang'anywa nyumba na chakula cha hospitali. Gazeti likafa. Würzburg, huko Bavaria, wakamwita kuwa profesa, akaenda.

Miaka saba ya Würzburg naipitia haraka, ingawa kwa wanasayansi ndiyo kiini cha kila kitu. Katika miaka hiyo alioa, akajenga hoja kwamba kila seli hutoka kwenye seli nyingine, na kwamba ugonjwa ni seli iliyoharibika wala si pepo au mchafuko wa majimaji ya mwili. Mwaka 1856 Berlin ikamwita tena, safari hii kwa heshima na taasisi mpya. Mwaka 1858 hotuba zake juu ya seli zikachapishwa kitabu. Mwaka uliofuata akawa diwani.

Hapo nakuomba tukae.

Kwanza ujue baraza lenyewe lilikuwaje. Mpiga kura alikuwa mwanamume mwenye kipato cha kiwango fulani. Kodi yote ya wapiga kura iligawanywa mafungu matatu: matajiri wachache waliolipa theluthi ya kwanza walichagua theluthi ya madiwani, wa kati theluthi, na umati uliobaki theluthi. Kura ilipigwa kwa mdomo, mbele ya watu, mwenye nyumba wako akisikia. Na sheria ilitaka angalau nusu ya madiwani wawe wamiliki wa nyumba. Yaani yule aliyeandika "demokrasia isiyo na mipaka" mwaka 1848 aliingia kwenye chombo ambacho kwa hesabu zake mwenyewe kilikuwa kichekesho cha demokrasia. Hakusubiri kirekebishwe kwanza ndipo aingie. Wenzake wa zamani wa vizuizini wangeweza kuuita usaliti; kwa maoni yangu ndiyo hatua iliyookoa watu wengi zaidi kuliko bastola yake.

Sasa jiji. Berlin ya mwaka 1859 ilikuwa na watu kama nusu milioni na ilinuka. Kandokando ya barabara kulikuwa na mitaro ya wazi, na kila nyumba ilimwaga humo maji ya jikoni, ya kufulia, na mengine ambayo sitayataja maana huenda unasoma ukiwa mezani. Vyoo vilikuwa mashimo uani, na hatua chache kutoka shimo ndipo kilipokuwa kisima. Usiku mikokoteni ilipita kuzoa kinyesi. Mwaka 1856 kampuni ya Waingereza ikaanza kuleta maji ya bomba, na badala ya jiji kupona likazidi kuugua: maji yalipopatikana, wenye uwezo wakaweka vyoo vya kuvuta, na vyoo hivyo vikamwaga kwenye mitaro ileile. Mtu yeyote aliyeishi kwenye mtaa wetu uliopata maji ya bomba kabla ya mfumo wa majitaka analijua tatizo hili bila kwenda Ujerumani.

Mwaka 1860 wahandisi walitumwa kutembelea Hamburg, Paris na London. Walirudi na pendekezo la mfereji mkuu mmoja utakaokusanya uchafu wote na kuutupa mto Spree, upande wa chini wa jiji. Hapo vita vikaanza. Spree si Thames. Ni mto mdogo, wa polepole, na Berlin ni tambarare kama meza. Kundi la pili likasema mfereji wa nini? Kinyesi ni mbolea, wakulima wanakihitaji; tuboreshe mikokoteni. Wamiliki wa nyumba, ambao kumbuka ndio nusu ya baraza, wakaona jambo moja tu: kila nyumba italazimishwa kuunganishwa, na atakayelipa ni mwenye nyumba. Mwaka 1866 kipindupindu kikapita na kuua zaidi ya watu 5,000 jijini. Hata baada ya hapo mjadala haukuisha.

Mwaka 1867 jiji likaunda kamati ya kuchunguza, Virchow akiwa kiongozi wake wa kisayansi. Na hapa ndipo namwona bora kuliko mahali pengine popote maishani mwake. Yule kijana wa Silesia angeandika tamko. Diwani wa miaka arobaini na tano akaagiza vipimo. Miaka kadhaa kamati ikapima kina cha maji ya ardhini, aina za udongo, maji ya Spree, maji ya mitaroni. Vifo vikapangwa kwa miezi na kulinganishwa na kupanda na kushuka kwa maji hayo ya ardhini. Likawekwa shamba la majaribio kuona majitaka yakimwagiliwa kwenye mchanga yanasafika kiasi gani na mazao yanaotaje. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachopigiwa makofi kwenye mkutano wa hadhara.

Mhandisi alikuwa James Hobrecht. Wazo lake lilikuwa jepesi kama mawazo mengi mazuri: usipeleke uchafu wote mahali pamoja. Ligawe jiji maeneo kumi na mawili. Kila eneo liwe na mteremko wake wa mabomba unaoshuka hadi sehemu ya chini kabisa, hapo weka pampu za mvuke, na pampu zisukume majitaka nje ya jiji hadi kwenye mashamba makubwa, yachujwe na mchanga na kurutubisha mboga na majani ya ng'ombe. Jiji likipanuka, maeneo yanapanuka nalo. Tazama ujanja wa kisiasa uliofichwa humo: wapenda mfereji walipata mfereji, na wapenda mbolea walipata mbolea. Virchow akaandika ripoti kuu ya kamati, akaitetea barazani kifungu kwa kifungu, na Machi 1873 madiwani wakapitisha. Haikuumiza kwamba meya wa wakati huo, Arthur Hobrecht, alikuwa kaka wa mhandisi. Leo tungeita mgongano wa maslahi, na pengine magazeti yangekuwa na haki.

Ujenzi ulianza mwaka huohuo. Mwaka 1874 jiji likanunua ardhi ya kusini, Osdorf, kwa ajili ya mashamba. Januari 1876 nyumba za kwanza zikaunganishwa. Toka siku alipoingia baraza hadi choo cha kwanza kumwaga kwenye bomba ilikuwa miaka kumi na saba, kwa hiyo wazee wako wakikuahidi kipindi kimoja kinatosha, watazame hivihivi. Kazi iliendelea hadi miaka ya 1890, jiji likiwa limepita watu milioni moja na nusu. Vifo vya homa ya matumbo vikashuka kadiri nyumba zilivyounganishwa. Mashamba yale yalimwagiliwa kwa karibu miaka mia moja. Baadaye udongo wake ulikutwa umejaa metali nzito, maana viwanda navyo vilikuwa vimeunganishwa kwenye mabomba hayohayo.

Kuna jambo la kuchekesha hapa, na kwa mtu wa tiba ni la kufikirisha. Nadharia iliyobeba mradi wote ilikuwa na kasoro kubwa. Virchow aliamini, kama wengi wa wakati wake, kwamba hatari inatoka kwenye udongo uliolowa uchafu na kupanda kwa mvuke wake. Mabomba yalikuwa sahihi, sababu zilizoyaleta zilikuwa nusu sahihi. Machi 1882 Robert Koch, daktari mchunguzi wa bakteria, aliposimama Berlin hiyohiyo na kuonyesha kimelea cha kifua kikuu, Virchow hakushawishika kwamba bakteria peke yake anatosha kueleza ugonjwa. Aliuliza kwa nini wawili wakae chumba kimoja na augue mmoja. Swali zuri, wewe unaliuliza kila wiki kwenye kliniki ya kifua kikuu. Lakini ukaidi wake ulimchelewesha. Mwaka 1892 Hamburg, jiji lililotangulia Berlin kwa mitaro ya kisasa kwa miongo mitatu, lilipigwa na kipindupindu kikaua zaidi ya watu 8,000, kwa sababu lilikuwa likinywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Altona, mji uliopakana nalo ukuta kwa ukuta, ulichuja maji kwa mchanga na ukaponea. Berlin ilikuwa na mitaro na ilichuja maji, ikapata wagonjwa wachache tu. Hapo ilionekana mitaro bila chujio ni mguu mmoja, na mguu wa pili ulikuwa wa Koch.

Haya, nguruwe. Ndiyo, kwa wapenzi wa kitimoto nimefika. Mwishoni mwa miaka ya 1850 Virchow na wenzake wawili wa Kijerumani, kila mmoja kwa upande wake, walifuatilia mnyoo mdogo unaoitwa trikinela, unaokaa kwenye nyama ya nguruwe na kuhamia kwenye misuli ya mlaji. Watu walikuwa wakila nyama mbichi ya kusaga, na mwaka 1865 kwenye kijiji cha Hedersleben waliugua zaidi ya 300 na wapatao mia moja wakafa. Virchow akadai kila nguruwe akaguliwe kwa darubini kabla ya kuuzwa. Wachinjaji wakamcheka, wakamtukana, wakasema anataka kuwafilisi. Akaendelea. Mwaka 1881 Berlin ikafungua machinjio makuu ya jiji, nyama ikakaguliwa mahali pamoja, na machinjio ya uani yakaanza kufungwa.

Na ni mwaka huohuo wa 1865, Juni, ndipo alipogombana na Bismarck, waziri mkuu wa Prusia. Kwenye mjadala wa bajeti ya jeshi la majini Virchow alisema bungeni kwamba ama waziri mkuu hakuisoma ripoti ya kamati, au anasema lisilo kweli. Bismarck akamtumia watu kumwita kwenye pambano la silaha, mtu kwa mtu, kama ilivyokuwa desturi ya mabwana. Virchow akakataa, alisema hiyo si namna ya kujibu hoja katika zama hizi. Hayo ndiyo ya kweli. Hadithi ya soseji, kwamba kwa kuwa aliyeitwa ndiye huchagua silaha basi Virchow alileta soseji mbili, moja salama na nyingine yenye trikinela, amwambie Bismarck achague ale, haina shahidi wa siku zile. Ilizuka baadaye. Ni tamu kwa sababu imeunganisha mambo mawili ya kweli, mnyoo na ugomvi, lakini ukiisimulia kwenye kampeni, isimulie kama ngano.

Mengine ya udiwani wake nayataja tu: hospitali za kwanza za jiji lenyewe, Moabit mwaka 1872 na Friedrichshain 1874, maana kabla ya hapo maskini wa Berlin walitegemea Charité na nyumba za kidini, usafi wa madarasa, makazi ya wagonjwa wa akili kule Dalldorf. Hospitali kubwa iliyopewa jina lake ilifunguliwa mwaka 1906, yeye akiwa hayupo.

Siwezi kukuacha ukadhani nakuuzia mtakatifu. Neno la Kijerumani lililotumika kwa kampeni ya dola dhidi ya Kanisa Katoliki, "vita vya utamaduni", alilivumisha yeye bungeni mwaka 1873, na kampeni hiyo ilifunga makasisi. Mtu wa uhuru alifumba macho pale uhuru ulipokuwa wa wengine. Na kuna mafuvu. Mwaka 1869 alishiriki kuanzisha jumuiya ya anthropolojia ya Berlin, na kwa miongo aliwaomba wasafiri, madaktari wa meli na maofisa wamletee mafuvu ya watu kutoka kila pembe ya dunia, bila kuuliza sana yametokaje makaburini. Ajabu ni kwamba sayansi hiyohiyo aliitumia kuwapinga wabaguzi: alisimamia uchunguzi wa rangi ya nywele, macho na ngozi za wanafunzi zaidi ya milioni sita wa Ujerumani, na matokeo yaliyochapishwa 1886 yalionyesha kwamba yule "Mjerumani halisi" mwenye nywele za dhahabu na macho ya buluu hafiki hata theluthi ya watoto. Bungeni chama chake kilipinga makoloni, na yeye alitia shaka kwamba Mzungu anaweza kuhamia nchi za joto akastawi. Lakini hamu ya mafuvu aliyoilea haikusubiri ruhusa ya chama. Katika mkusanyo wa Felix von Luschan, mdogo wake kitaaluma, watafiti wa Berlin wa siku hizi wamechunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki enzi za ukoloni wa Kijerumani, mengi Rwanda, mengine Tanzania na Kenya. Wazee wa watu wamo humo kwenye makabati.

Nirudi kwa mume wako, maana hoja yake ni ya maana. Mwambie udiwani wa Berlin haukuwa na mshahara. Ilikuwa kazi ya heshima, na ubunge wa dola nao haukulipwa hadi mwaka 1906. Virchow aliishi kwa uprofesa. Hilo lilimwezesha kupiga kura dhidi ya serikali iliyomwajiri, na pia lilimaanisha kwamba fundi cherehani wa Berlin hakuweza kukaa kwenye kiti kama chake hata angekuwa na akili mara mbili. Kwa hiyo posho si dhambi. Ila ningekuwa mimi, kabla ya kuchukua fomu ningeuliza kwanza nani atashika zamu yangu kituoni, sheria ya utumishi inanitaka nifanye nini, na katika halmashauri yenu kamati ya afya inakaa mara ngapi na inapitisha nini hasa. Virchow alikaa zaidi kwenye kamati kuliko jukwaani.

Mwisho wake hukuuliza, lakini nitakwambia kwa kuwa unaendana naye. Januari 4, 1902, akiwa na miaka themanini, alikuwa njiani kwenda mkutanoni, akaruka kutoka kwenye tramu ya umeme barabara ya Leipzig kabla haijasimama. Akavunjika mfupa wa paja. Alitibiwa, akapelekwa kwenye maji ya moto, akaonekana anapata nafuu, kisha akadhoofika. Akafa Septemba 5. Jiji lilimzika kwa gharama za jiji lenyewe, na siku hiyo kiti chake kwenye baraza la madiwani kilikuwa bado chake.